Sauti Iliyomwita Livi

Kimbunga kilikuwa kimekwisha kupita, lakini mji wa Hialeah, kusini mwa Marekani, ulikuwa bado umeshika pumzi. Miti ilisimama uchi, imepukutishwa majani kana kwamba mkono mmoja ulipita ukiichuna. Anga lilikuwa na rangi ya shaba iliyopata kutu, na ndege, ambao kwa desturi hupiga kelele juu ya nyaya za umeme mpaka wakamchosha mtu, hawakuonekana. Umeme ulikatika mji mzima. Minara ya simu nayo ilianguka. Nyumba zilikaa kimya kama zilizofiwa, isipokuwa chache zilizokuwa na jenereta, ambazo zilinguruma mchana kutwa mithili ya mnyama aliyefungwa.

Mojawapo ilikuwa nyumba ya Bi Eneida na mumewe, Bwana Ulpiano. Bi Eneida alitoka Kuba nywele zake zikiwa nyeusi tititi; sasa zilikuwa nyeupe pepepe, na katika muda huo wote hakujifunza Kiingereza hata cha kuombea maji. Wala hakuona haja. Daktari wake alikuwa Mkuba, mwuza nyama Mnikaragua, padri Mkolombia. Benki walimsalimu kwa Kihispania, polisi walimkemea kwa Kihispania, na hata kasuku wa jirani alitukana kwa Kihispania.

Binti yao, Odalmis, aliyefanya kazi katika zahanati ya meno, hakuchoka kumsihi.

“Mama, njoo basi kwenye masomo ya jioni pale kanisani. Hata saa moja tu kwa wiki.”

“Ili nikaongee na nani? Ebo! Mmarekani wa mwisho mtaani humu alihama zamani. Akirudi, ajifunze yeye. Mgeni ni yeye.”

Bwana Ulpiano, aliyekuwa akipanga vipande vyake vya dhumna mezani, aliangua kicheko. “Mwache mama yako, binti. Kwa lugha moja tu ananimaliza. Akiongeza ya pili mimi nitakimbilia wapi?”

Kabla ya kimbunga kufika, Odalmis aliwaletea vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa jenereta. Cha pili kilikuwa kidude cheupe, kidogo kama kisahani cha kikombe, ambacho alikipigilia juu ukutani katika ushoroba. Kilikuwa kengele ya kutambua sumu itokayo katika moshi wa jenereta, ile isiyo na rangi wala harufu, ambayo humwua mtu akiwa anadhani amelala. Kengele zenye kusema lugha mbili zilikuwa zimegombaniwa madukani zikaisha. Iliyobaki ilijua Kiingereza tu.

“Mama, nisikilize. Kikianza kulia, kitasema...”

“Kitasema kwa Kiingereza?”

“Ndiyo, lakini maana yake ni...”

“Basi kitajisemea chenyewe. Sitafundishwa na kisahani nyumbani kwangu. Umekula? Maharage yameiva.”

Odalmis alikuwa na haraka ya kwenda kuzibia mbao madirisha ya kwake. Alimgeukia baba yake. “Baba, na wewe. Hiyo jenereta ikae mbali na nyumba, kule mwisho wa ua.”

“Nimesikia, mkubwa wangu.”

Kusikia alisikia. Lakini dhoruba ilipotulia, zilienea habari za wezi wa jenereta, na Bwana Ulpiano akaivuta yake hadi kwenye baraza ya nyuma, chini ya dirisha la jikoni, akaifunga mnyororo kwenye nguzo. Hapo ikanguruma, na yeye akalala kitandani akilalamika kwamba kichwa kinamgonga.

Katika nyumba ile palikuwa na mtu wa tatu, asiyeonekana. Alikuwa Livia, mdogo wake Bi Eneida, ambaye nyumbani aliitwa Livi. Livi aliondoka Kuba juu ya chelezo cha mipira ya magari, na hakuna ufuo uliompokea. Hakuwa na kaburi. Kwa hiyo dada yake, kama wafanyavyo wengi wa kwao, alimwekea marehemu bilauri ya maji juu ya kabati, akiyabadilisha kila Jumatatu. Husemwa kwamba mapovu yakijitokeza katika maji hayo, marehemu yu karibu.

Alasiri hiyo Bi Eneida aliinua macho, akaona mapovu. Yalikuwa madogo, yamejipanga ukutani mwa bilauri kama shanga. Miguu yake ilikuwa mizito, na masikioni mlikuwa na mvumo kama wa bahari iliyo mbali. Kabla hajafanya ishara ya msalaba, mlio mkali ulipasuka katika ushoroba, kisha ikafuata sauti ya mwanamke. Ilikuwa sauti tulivu, isiyo na hasira wala huruma.

“Liiv! Liiv nau!”

Kikombe cha kahawa kilimponyoka.

“Liiv! Liiv nau!”

“Livi,” Bi Eneida alinong’ona. Kile kisahani cha ukutani hakikumjia akilini hata kidogo. Sumu ilikuwa imekwisha kumwingia damuni, na mawazo yake yalitandwa na ukungu. Alichokijua ni kimoja tu: mwanamke asiyemjua alikuwa akimwita ndugu yake kwa jina la nyumbani. Na hakuna amwitaye mtu mahali asipokuwapo.

Alijikokota hadi chumbani.

“Mzee wangu, umesikia? Wanamwita Livi.”

“Nani anamwita?” Bwana Ulpiano aliuliza bila kufumbua macho.

“Mwanamke. Yumo humu ndani.”

“Joto limekuchanganya, wee. Nitoe nje, Eneida. Kichwa kinanipasuka.”

“Ngoja kidogo.”

“Nishike mkono tu. Nikapate upepo.”

“Nikifungua mlango Livi ataondoka! Miaka yote hii nimemngoja, na wewe huwezi kungoja hata kidogo?”

Bwana Ulpiano alicheka kicheko chembamba. “Livi huyo... hata alipokuwa hai hakunipenda.” Kisha akageukia ukuta. Mashavu yake, ambayo tangu alipougua moyo yalikuwa na rangi ya majivu, yalikuwa mekundu kama ya kijana atokaye kucheza mpira. Mkewe alimtazama, akashukuru Mungu kwamba amepata nafuu.

Akaanza kufunga madirisha. Alifunga la sebuleni, akafunga la chumbani. Lile la jikoni aliliacha nusu wazi kwa ajili ya waya wa jenereta, akaziba upenyo uliobaki kwa taulo. Alifanya hivyo taratibu, kwa upendo, kama mtu amfunikaye mtoto shuka. Moshi ukabaki na njia ya kuingia, pembeni mwa waya. Njia ya kutoka haukubaki nayo.

Alipogeuka, Livi alikuwa amesimama mwisho wa ushoroba.

Alikuwa amelowa chapachapa. Nywele zilimganda usoni, na maji yalimtiririka toka kwenye pindo la gauni, lakini sakafu chini ya miguu yake ilikuwa kavu. Hakuzeeka hata siku moja.

“Umechelewa, mdogo wangu,” Bi Eneida alisema huku machozi yakimlengalenga.

Livi aliinua mkono polepole, akaelekeza kidole mlangoni.

“Liiv! Liiv nau!” ilisema ile sauti ya mwanamke mwingine.

“Unataka twende wapi, nawe umefika sasa hivi? Kaa kwanza. Nikutilie kahawa.”

Kidole kilibaki palepale, kikielekea mlangoni. Bi Eneida alitaka kumfuata amguse, lakini aliishia kuketi sakafuni, akaegemeza kichwa ukutani. Hakuogopa. Aliona fahari kwamba kati ya nyumba zote za mji ule, marehemu alichagua yake.

Odalmis alifika kwa miguu, kwa kuwa miti iliyoanguka ilizifunga barabara. Aliisikia kengele tangu langoni. Alikuwa amejifunza Kiingereza tangu utotoni, na kwake maneno yale hayakuwa na uzito wa fumbo lolote. Katika lugha ile, “liiv nau” ni amri ya maneno mawili tu: ondokeni sasa. Alivunja kioo, akaingia, akamburura mama yake kwa kumshika makwapani hadi kwenye nyasi. Kisha akarudi kumchukua baba yake.

Bwana Ulpiano alikuwa bado na mashavu mekundu, rangi ambayo sumu ile humpaka anayemwua. Pumzi hakuwa nayo.

Wazimamoto, ambao jirani alikimbia kwa miguu kuwaita, walizungumza Kihispania. Muuguzi aliyemvika Bi Eneida kifuniko cha hewa usoni alizungumza Kihispania, na daktari aliyemweleza kwamba amekuwa mjane alimweleza kwa Kihispania fasaha, akamshika na mkono. Katika mji wote ule, palikuwa na sauti moja tu isiyojua lugha yake, nayo ndiyo iliyokuwa na neno la kumwambia.

Baada ya mazishi, mama na binti walikaa sebuleni kwa Odalmis. Bi Eneida alikuwa hajala tangu asubuhi.

“Odalmis.”

“Naam, mama.”

“Wewe ulimsikia yule mwanamke. Ulipofika alikuwa bado anaita.”

“Nilimsikia.”

“Alimwita Livi, sivyo? Lakini nyuma ya jina kulikuwa na neno jingine. Nau. Unakijua Kiingereza chako wewe. Niambie, nau ni nini?”

Odalmis alifungua kinywa. Alimtazama mama yake, akaitazama mikono ile iliyokunjwa mapajani, mikono iliyofunga madirisha moja baada ya jingine. Akaona kwamba maana ya neno lile, likishatamkwa, halingekaa sikioni. Lingeshuka hadi kwenye mikono hiyo, likae humo mpaka kaburini. Alikifumba kinywa.

“Sijui, mama,” alisema. “Nadhani alikuwa akimwita tu.”

“Nilijua!” Bi Eneida alitikisa kichwa kwa uchungu uliochanganyika na ushindi. “Na baba yako hakuniamini. Laiti angengoja kidogo tu, naye angemwona.”

Odalmis aliinuka upesi, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji kwa nguvu ili asisikike akilia. Mama yake alibaki ametega sikio kuelekea kwenye ushoroba wa nyumba ile ngeni, akingoja kuitwa tena, na hakuna jirani, padri wala ndugu aliyethubutu kumfumbulia neno lile mpaka leo. Ndipo waliosema hawakukosea: asiyejua maana haambiwi maana.