Jina la Binti wa Katambi

Tegeni sikio: waokoaji ni watatu, na jina la kutoa ni moja.

Katika kijiji cha warina asali waliishi watu watatu wenye vipaji. Msabila alikuwa fundi wa pampu za maji. Mikono yake ikishika kitu, hakichomoki. Nyamizi alipuliza tarumbeta ya kwaya, na pumzi yake ilimaliza ubeti wakati wenzake wamekwisha kohoa. Itunde alifunga nyaya za umeme, na kipaji chake kilikuwa kukataa. Ukimwambia shika hapa, huuliza kwanza waya unakwenda wapi.

Siku moja mrina aitwaye Katambi alianguka kutoka mtini, mdomo umejaa sega. Tawi lilimchana paja, akalala bila fahamu. Kwa desturi ya pale, mrina akianguka husimamishwa papo hapo, ardhi isije ikamzoea. Wanaume wakamshika makwapa.

Itunde akawazuia. Akapiga magoti, akakishika kichwa cha Katambi kwa viganja viwili, shingo isigeuke, huku mzee mmoja akimtukana kwa kudharau mila. Ubongo ni makao makuu, na amri zake hushuka kwa njia ya uti wa mgongo, hata ile inayowaambia misuli ya kifua ivute hewa. Mfupa wa shingo ukiikata njia hiyo, makao makuu yataendelea kutoa maagizo, na huko mikoani hakuna atakayeyasikia.

Nyamizi alitazama kifua, akaona hakipandi. Akalichomoa lile sega kooni kwa kidole, kisha akampulizia mdomoni mpaka mapafu yakakumbuka kazi yake. Damu hupita mapafuni kuchukua hewa safi na kuacha iliyotumika. Ikikuta ghala tupu huondoka mikono mitupu, na ubongo hufa njaa.

Msabila aliona paja. Moyo ni mtumishi mtiifu kupita kiasi: hauulizi bomba limepasuka wapi, husukuma tu, na kila pigo lilimwaga damu mchangani. Akakunja khanga, akakandamiza jeraha kwa ngumi mbili, asiachie mpaka zahanati, njia nzima akitembea kando ya mlango uliong'olewa nyumbani ili kumbebea mgonjwa.

Katambi akapona. Mwenyewe hakumbuki lolote ila utamu wa sega.

Mkewe, Kalunde, alipojifungua binti, ndipo mambo yakaharibika. Kijijini kwao, mtu akiokolewa, mtoto wake anayefuata hupewa jina la mwokozi, na mwenye jina huwa mzazi wa pili wa mtoto huyo maisha yote. Jina ni moja, haligawanywi. Na kati ya wale watatu, hakuna aliyejaliwa mtoto.

Siku ya kutoa jina walifika wote, mapema kuliko wageni.

"Bwana Katambi," alisema Msabila, "shingo ingekuwa nzima, pumzi tele, na damu imekwisha. Ungekuwa maiti mzuri sana."

"Kaka Msabila, bomba uliziba kweli," alisema Nyamizi. "Lakini hewa ndani ya hiyo damu aliitia nani? Wewe ulikuwa unalinda maji mekundu."

Itunde hakupandisha sauti. "Dada, ulimpulizia siku ile. Shingo ingekatika, kesho yake ungempulizia? Na keshokutwa?"

Katambi kila alipomsikiliza mmoja aliona ana haki, mpaka mwingine afungue mdomo. Akamgeukia mkewe. Kalunde akamjibu kwamba yeye sehemu yake ameimaliza. Aliyeanguka ndiye ataje.

Akaombwa ushauri mtendaji wa kijiji. Akaunda kamati, nayo kamati ikapendekeza iundwe kamati. Kabla hajaketi alikumbusha kwamba gari la ofisi lingembeba mgonjwa kama lingekuwa na tairi, na kwamba jina lake yeye pia si baya.

Katambi akampokea binti, akasimama. Alijua kwamba akitaja mmoja, wawili watarudi kwenye nyumba zisizo na mtoto, na wote wawili walimpa uhai. Amri ikashuka shingoni, hewa ikaingia kifuani, moyo ukaisukuma damu, na ulimi ukainuka kutaja jina.

Ungekuwa ulimi wako, ungemtaja nani?