Waliotangulia Waliamuru Nini?

Paukwa!

Pakawa!

Mbegu mkononi?

Tupande!

Mkubwa mlangoni?

Tufiche!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna mahindi hapo nyuma, tafuna taratibu. Uongo wangu leo ni mwembamba, ukipigiwa kelele utakatika.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima, palikuwa na bonde liitwalo Mikuyuni. Udongo wake ulikuwa mweusi, wa kunata miguuni. Juu kidogo, kwenye majabali, aliishi Bi Pimbi, mjane, na watoto wake wanne. Pimbi ni mdogo, mnamjua. Hana pembe, hana makucha ya maana, hata mkia hana. Ila udadisi! Mama we, udadisi alikuwa nao wa kugawia kijiji kizima na ukabaki. Akiona siafu wamepinda njia, atawafuata mpaka ajue wamekwepa nini. Akisikia mtu kacheka nyuma ya ukuta, chakula hakipiti kooni mpaka aambiwe kilichochekesha.

Wanyama wa Mikuyuni walikuwa na chama chao cha ushirika, na mwenyekiti wao alikuwa Digidigi, mwenye moyo safi na magoti mepesi kutetemeka. Desturi yao ilikuwa moja. Baada ya mavuno, kila aliyelima huleta kapu moja la mtama wa mbegu, ule mzuri kuliko wote, akauweka kwenye ghala la chama. Mbegu hizo haziliwi. Ije njaa, aje mgeni, haziliwi. Mvua ya kwanza ikinyesha, ghala hufunguliwa, kila mmoja akachukua, wakapanda.

Sasa, huko mlimani kulikuwa na serikali. Na serikali ya wanyama haikai. Leo huyu, kesho yule. Ikibadilika, Hondohondo, mpiga mbiu, huruka juu ya bonde na mdomo wake ule mkubwa: "Hoo-ho-hoo! Serikali mpya! Hoo-ho-hoo!"

Akakalia kiti Tembo. Mkuu wake wa kilimo akateremka bondeni, akasema, "Pandeni kwa mistari!" Wakapanda kwa mistari. Mlango wa ghala ukapakwa rangi ya kijani.

Hoo-ho-hoo! Nyati akamng'oa Tembo. Mkuu wake wa kilimo akateremka, akauliza, "Waliotangulia waliamuru nini?"

"Waliamuru mistari, Mheshimiwa."

"Upuuzi! Ng'oeni! Tawanyeni mbegu tu! Na hicho chama kivunjwe!"

Mtama ulikuwa umefika kiunoni. Wakang'oa, ng'wa, ng'wa, ng'wa. Chama kikavunjwa, lakini makapu ya mbegu waliendelea kuyaleta kimyakimya, kwa mlango wa nyuma.

Hoo-ho-hoo! Simba akamng'oa Nyati. Mkuu wake wa kilimo akateremka, akauliza, "Waliotangulia waliamuru nini?"

"Waliamuru kutawanya, Mheshimiwa."

"Upuuzi! Chimbeni matuta! Na chama kifufuliwe, mlango upakwe rangi nyekundu!"

Wakachimba matuta hata kwenye kinamasi. Maji yakatuama, mtama ukaoza. Ulionusurika ulitosha makapu ya mbegu tu, nazo haziliwi. Mwaka ule Bi Pimbi aliwachemshia watoto wake maji na chumvi, akayaita supu. Wakanywa, wakashukuru. Kule kushukuru kwao ndiko kulikomuuma zaidi.

Akamwendea Digidigi. "Ndugu mwenyekiti, umeona? Wakuu watatu wamekuja, na hakuna aliyeinama kushika udongo."

"Nyamaza, Bi Pimbi, utatuponza."

"Hawaulizi mvua hunyesha lini. Hawaulizi wapi pana maji. Wanauliza waliotangulia waliamuru nini, basi. Mbona?"

"Sijui, na sitaki kujua!"

Lakini Pimbi alitaka kujua. Mkuu wa Simba alipokuja tena kukagua matuta, akiwa anaondoka, Pimbi akamkimbilia. "Mheshimiwa, samahani, kuna jambo tulisahau. Waliotangulia walitukataza kupumzika adhuhuri."

"Upuuzi!" Mkuu hata hakugeuka. "Kuanzia leo, jua la utosi wote mlale!"

Pimbi akajikuna kidevu. "Kumbe," akasema. "Kumbe!"

Hoo-ho-hoo! Chui akamng'oa Simba. Na huyu Chui hakuwa na mchezo. Yeyote aliyesikika akimsifu Simba hakuonekana tena. Siku ya pili yake, mawingu ya mvua yakiwa tayari yameziba mlima, ardhi ikatikisika. Mbwata! Mbwata! Mbwata! Nani huyo? Kiboko, mkuu mpya wa kilimo na ushirika. Tumbo mbele, yeye nyuma.

Wanyama wakakusanyika mbele ya ghala. Hondohondo akatua juu ya paa, tayari kupeleka habari mlimani. Kiboko hakumtazama yeyote. Alikuwa amekwisha kunusa mtama, macho yamegota mlangoni.

"Serikali mpya ina mpango mpya," akasema. "Mbegu zote za ushirika zitahamishiwa mahali salama."

"Wapi huko, Mheshimiwa?" akauliza Digidigi.

Kiboko akajipapasa tumbo bila kujijua. "Mahali salama. Fungua!"

Magoti ya Digidigi, tik-tik-tik. Akatoa ufunguo. Bi Pimbi akapiga hesabu. Mbegu zikiondoka leo, na mvua ni kesho au keshokutwa, watapanda nini? Mwaka mmoja wa supu ya chumvi watoto walikuwa wameuvuka. Wa pili wasingeuvuka, na yeye alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

Akajitoma mbele, akasimama kati ya Kiboko na mlango. "Mheshimiwa, mbona hujatuuliza?"

"Niulize nini, we kidudu?"

"Wakuu wote wakubwa huanza kwa kuuliza. Sasa wewe sijui, pengine si mkuu sana."

"Nilikuwa naelekea huko!" Kiboko akafoka. "Haya! Waliotangulia waliamuru nini?"

"Waliamuru mbegu zote apewe mkuu wa kilimo," akasema Pimbi, macho makavu.

Hondohondo akainamisha shingo kutoka juu ya paa. "Mheshimiwa, nikatangaze mlimani kwamba Kiboko anafuata amri ya Simba?"

Kinywa cha Kiboko, kilichokuwa kimeachama kwa uchu, kikajifunga. Pwaa! Akamkumbuka Chui. "Ngoja! Nani kasema nafuata? Upuuzi! Mkuu wa kilimo asipewe hata punje!"

"Hoo-ho-hoo! Hata punje!" akalia Hondohondo.

Tumbo la Kiboko likanguruma, ngurrr. Akajaribu tena. "Na kuhusu mavuno? Waliotangulia waliamuru nini?"

"Nusu ya mavuno iwe ya mkuu, Mheshimiwa."

Hondohondo akainamisha shingo. Kiboko akameza mate, akameza tena. "Upuuzi," akasema, na sauti ilimtoka kama ya mgonjwa. "Mavuno ni ya wote walioshika jembe. Mkuu hana lake."

"Hoo-ho-hoo! Mkuu hana lake!"

Ngurrr. Hapo Kiboko akaona amepata akili. Ikiwa kila walichoamuru lazima akifute, basi kila walichokataza atakiruhusu. Na serikali hukataza nini, kama si utamu? Akatabasamu meno yote. "Sasa niambie, Bi Pimbi. Walikataza nini?"

Pimbi akashusha pumzi. "Aa, Mheshimiwa, hilo naona haya hata kulitamka."

"Litamke!"

"Walikataza kabisa mkuu wa kilimo kushika jembe."

Hondohondo akainamisha shingo, akaizungusha, akangoja. Kiboko akatazama juu, akatazama chini, akatazama mlima wenye mawingu.

"Upuuzi," akanong'ona. "Mkuu... atashika jembe."

"Hoo-ho-hoo! Atashika jembe! Hoo-ho-hoo!"

Akashika. Ningekuwa mwongo kweli ningewaambia alilima vizuri. La la la. Siku ya kwanza alivunja majembe matatu na kutukana ukoo mzima wa Pimbi. Siku ya pili alijifunga gogo kwa kamba, akaliburuta, krrr, krrr, krrr, na kabla ya jua la utosi alikuwa amefungua nusu ya bonde. Wanyama walisimama kumtazama, hawakuamini macho yao. Na jua la utosi lilipofika akalala nao, maana ile amri ya kulala hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Mvua ikanyesha. Ghala likafunguliwa, kila mmoja akachukua mbegu zake. Pimbi akamwona Kiboko amesimama peke yake katikati ya shamba, kachota udongo, anaunusa. Udadisi ukampeleka.

"Unatafuta nini, Mheshimiwa?"

"Bi Pimbi, hebu niambie," akasema Kiboko, na safari hii hakufoka. "Mistari, kutawanya, au matuta? Ipi ndiyo yenyewe?"

Pimbi akamtazama sana. Miaka yote ile, huyu ndiye mkuu wa kwanza kuuliza. "Inategemea. Huku juu kwenye mteremko, matuta, yazuie maji. Kule kwenye kinamasi, mistari bila matuta. Kando ya majabali tawanya tu, mawe yenyewe yatapanga."

"Mbona hamkusema siku zote?"

"Hamkuuliza."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likacheza. Wakapanda kama Pimbi alivyosema. Mtama wa mwaka ule, jamani, uliinamisha vichwa hadi chini. Watoto wa Pimbi walikula ugali wakaacha sufuria na ukoko, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Na kwa kuwa amri ilisema mavuno ni ya wote walioshika jembe, Kiboko akapata fungu lake, halali, la jasho. Akala kwa siku saba. Ya nane akachagua mtama wake mzuri kuliko wote, akajaza kapu, akaliweka ghalani pamoja na ya wenzake. Tangu siku ile alipita mlangoni pale asubuhi na jioni, akichungulia kapu lake kama liko.

Hoo-ho-hoo! Nyani akamng'oa Chui.

Mkuu mpya wa kilimo alikuwa Ngiri. Akafika mbio, pembe za mdomoni zimeng'arishwa, akitema mate kwa harufu ya mtama. Wanyama wakaitwa kutoka mashambani. Kiboko naye akaja, matope mpaka masikioni, akasimama nyuma na wakulima wengine. Ngiri hakumjua, na hakuna aliyemtambulisha.

"Haya, semeni! Waliotangulia waliamuru nini?"

Magoti ya Digidigi, tik-tik-tik. Wote wakamgeukia Pimbi.

Pimbi alijua la kufanya, na kwa mara ya kwanza akaona uzito kulifanya. Akisema kweli, kwamba mkuu aliyetangulia hakula mbegu, hakugusa mavuno ya wenzake, na alilima kwa mikono yake, yote hayo yatafutwa kabla mate hayajakauka. Kuyaokoa kuna njia moja tu. Akainamisha kichwa asimwone aliyesimama nyuma.

"Mheshimiwa, mkuu aliyetangulia aliitwa Kiboko. Alikula mbegu zetu zote. Akachukua nusu ya mavuno. Na jembe hakuligusa hata siku moja."

Nyuma pale pakasikika, "Nini?"

Kiboko alikuwa amevimba. Kinywa kilikuwa kinafunguka, kile kinywa cha kumeza mlango, na ukweli wote ulikuwa umejaa humo. Wanyama wakaanza kurudi nyuma. Kiboko akatazama mikono yake yenye malengelenge. Akatazama mate ya Ngiri yakidondoka. Akatazama ghala, ambamo kapu lake lilikuwemo.

Akapangusa matope usoni.

"Ni kweli, Mheshimiwa," akasema. "Nilimwona kwa macho yangu. Mlafi yule, hana haya!"

Ngiri akatazama mlango wa ghala kwa huzuni kubwa. "Upuuzi," akasema. Na Kiboko akampa jembe, akamwonyesha pa kuanzia.

Haya, fundisho mnalitaka? Fundisho ni kwamba kilimo wanakijua wakubwa, mkulima kazi yake ni kuitikia. Tena mkiulizwa na serikali, semeni kweli yote, msibakize. Na udadisi uacheni kabisa, watoto wangu, haujawahi kumshibisha mtu.

Hadithi yangu nimeivuna, nimeipura, nimeipepeta. Iliyo njema chukueni mkapande kwenu. Makapi niachieni mimi.