Saa Nzima kwa Jodari

Leo nawaomba wababa mlioketi nyuma humu kanisani mlete masikio mbele, hata kama viti hamtaki kuviacha. Nina habari ya mwenzenu.

Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja huko Mwanza, mtu wa msimamo. Shuleni kwake kengele ikilia, hata mbuzi wa jirani walisimama. Alikuwa hasemi jambo mara mbili. Na kila Jumamosi mwalimu huyu aligeuka mvuvi. Si mvuvi wa nyavu, la. Alivua kwa fimbo, na kwenye fimbo hiyo alifunga rili, lile gurudumu dogo lenye mkono, ambalo ukilizungusha linakusanya mshipi. Alisimama juu ya mawe ya ziwani, na sangara akishika chambo, mwalimu hakuwa na habari ya kubembeleza. Alikaza breki ya rili mpaka mwisho, akazungusha, akavuta. Sangara alikuja, atake asitake. Miaka kumi na mmoja alivua hivyo, na kombe la mashindano ya ziwani lilikaa juu ya kabati la sebuleni kwake, mgeni asiweze kuketi bila kuliona.

Mwalimu alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Mabula, wa kiume. Mdogo ni binti, Minza. Mkewe, kama ilivyo kawaida yetu, alimwita mumewe Baba Mabula. Lakini miaka mitatu kabla ya haya ninayowaambia, Mabula aliacha chuo cha ualimu akiwa mwaka wa pili, akaja nyumbani akasema anataka kuwa fundi wa friji.

Baba yake akamwambia, "Chuo au mlango. Chagua."

Kijana akachagua mlango. Akaenda zake Tanga, akajifunza kazi, akafungua kibanda chake. Na mwalimu akamwambia mkewe, "Kuanzia leo uniite Baba Minza." Mama wa watu akatii. Angefanyaje?

Sasa, mwaka huo klabu moja ya wavuvi wa fimbo huko Tanga ikamwalika bingwa wa ziwani ajaribu na bahari. Mashindano ya siku mbili. Mke akasema, "Tutakwenda wote." Mwalimu alijua mkewe anamfuata mwanawe. Ndani ya basi, walipopita Singida, akamwambia bila kumtazama, "Ukitaka kwenda kumwona, nenda. Mimi nimekuja kuvua."

Siku ya kwanza wakapanda boti ya mashine, mwalimu, mkewe na nahodha. Mwalimu akafungua mfuko wake, akatoa rili yake ileile ya ziwani. Nahodha akaitazama, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hiyo ni ya maji baridi."

"Samaki ni samaki," mwalimu akajibu.

Haya. Saa nne asubuhi samaki wa bahari akashika. Mwalimu akafanya kama alivyozoea. Akakaza breki mpaka mwisho, akaegemea nyuma, akavuta. Ndani ya rili kitu kikakwaruza, kama meno yanayosagwa. Mara, pa! Mshipi ukakatika, na bingwa wa ziwani akaangukia ndoo ya chambo. Nahodha akageuka upande mwingine ili asicheke. Mkewe akamfuta magamba shingoni.

Jioni hiyo mwalimu aliingia duka la vifaa vya uvuvi mjini akiwa na hasira, rili yake mbovu mkononi. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kwa uzi, vidole vimejaa grisi. Alikuwa anauza rili, na zikiharibika anazitengeneza mwenyewe.

"Mama, nataka rili kali kuliko zote," mwalimu akasema. "Inayovuta."

"Zote zinavuta, baba," mama akajibu. "Hata kapi ya kisimani inavuta. Unakwenda kuvua wapi?"

"Baharini."

Mama akaweka rili tatu mezani. Ya kwanza akaisogeza pembeni palepale. "Hii ni ndugu ya hiyo iliyokufia leo. Ni nzuri, lakini ni ya ziwani. Ndani haikuzibwa maji yasiingie, na mshipi inaoubeba ni mfupi. Mwezi mmoja tu wa bahari, chumvi itakuwa imekula beringi zote." Zikabaki mbili. Moja ilikuwa kubwa, inang'aa kama pete ya harusi. Nyingine ilikuwa nyeusi, haina mvuto wowote. Mwalimu, kama mimi na wewe, akanyoosha mkono kwenye ile inayong'aa.

"Subiri," mama akasema.

Akaifunga kwenye fimbo, akakaza breki, akampa mwalimu ashike. Yeye mwenyewe akakamata ncha ya mshipi, akatoka nao mlangoni, akavuka barabara. Mshipi ukatoka kwa kushtukashtuka, unagoma, unaachia, unagoma tena. Fimbo ikarukaruka mikononi mwa mwalimu. Kabla mama hajafika duka la dawa la upande wa pili, pa! Mshipi ukakatika.

Akarudi akafunga ile nyeusi, akakaza breki vilevile, akachukua ncha, akatoka. Safari hii mshipi ukatoka laini, bila kushtuka, kama uji unaomiminwa kikombeni. Mama akaongeza mwendo. Mshipi ukazidi kutoka. Akashika pindo la dera lake akakimbia, mtu mzima, watu wa mtaani wanamshangaa, na mshipi unatoka tu, na fimbo imetulia.

Akarudi anahema. "Umeona, baba? Breki imekaza, wala sikuilegeza. Ila inajua kutoa. Rili ya bahari haichaguliwi kwa kuvuta, inachaguliwa kwa kuachia. Samaki mkubwa ukimnyima mshipi, anakata, anaondoka moja kwa moja. Ukimpa, atakwenda mbali, lakini atakwenda akiwa bado wako."

Mwalimu hakupenda kufundishwa. Lakini alikuwa mwalimu, na somo zuri alilijua akilisikia. Akachukua ile nyeusi.

Siku ya pili, karibu saa tatu, jodari akashika. Wapendwa, nani kati yenu amewahi kusikia jodari akichukua mshipi? Rili inalia kama cherehani inayoendeshwa na mwendawazimu. Mita hamsini. Mita mia. Mkono wa mwalimu ukaenda wenyewe kwenye breki, umezoea, miaka kumi na mmoja.

"Usiguse, Mwalimu!" nahodha akapiga kelele. "Mwache aende!"

Mwalimu akautoa mkono. Mita mia mbili. Akasimama pale anatazama kitu chake kikienda mbali naye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukemea. Jodari akatulia. Mwalimu akarudisha mita ishirini. Jodari akachukua thelathini. Akarudisha kumi, akapoteza kumi. Mkewe akamshika mkanda wa suruali kwa nyuma asije akatumbukia, na kwa mkono wa pili akamnywesha maji kwa chupa. Na hapo mama huyo akasikia jambo ambalo hajalisikia kwa miaka mingi. Mumewe alikuwa anaongea na samaki, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa.

"Nenda, baba, nenda. Sikulazimishi. Umechoka? Haya, pumzika. Njoo sasa, njoo baba, pole pole."

Saa nzima na dakika kumi. Jodari akaletwa ubavuni mwa boti, nahodha akamnasa kwa kulabu, wakamwingiza. Kilo thelathini na nane. Nahodha akarusha kofia juu. Boti ya jirani ikapiga honi. Mwalimu akaketi chini kwenye maji na damu ya samaki, anacheka kama mwanafunzi aliyefaulu, akamgeukia mkewe.

"Umeona nilivyomvumilia?"

"Nimeona," mkewe akasema. "Nimeona, Baba Mabula."

Kicheko kikakatika.

"Samaki huyu utamkata vipande leo hii," mama akaendelea, wala hakupaza sauti. "Umempa saa nzima na dakika kumi. Umembembeleza. Umemwita baba. Mabula ulimpa muda gani? Chai niliyommiminia siku ile ilikuwa haijapoa, naye alishatoka na begi."

Mwalimu akainama, akaanza kuosha rili yake nyeusi. Nahodha akajifanya ana kazi kwenye mashine. Jioni walipomkabidhi kombe la mshindi wa kwanza, alilipokea, akashukuru kwa maneno mawili, akaketi.

Asubuhi akavaa shati, akasema, "Mama Mabula, nipeleke."

Kibanda kilikuwa nyuma ya soko. Kijana alikuwa amepiga magoti mbele ya friji kubwa, ana bomba la shaba mkononi na moto wa kuchomelea. Akainua kichwa. Alikuwa amekonda, na ndevu zimemwota. Akauzima moto.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba," baba akasema. "Nimekuja tuzungumze."

"Friji hii ni ya duka la dawa," kijana akasema. "Kuna dawa za watu zinaharibika. Nikiacha sasa nitakuwa nimemtupa mteja. Nikimaliza, tutazungumza."

Mnasikia? Huyu ni mtu ambaye shule nzima ilimsubiri yeye. Yule mwalimu wa zamani angegeuka pale pale, na mlango ungefungwa mara ya pili, na safari hii labda moja kwa moja.

Mwalimu akatazama huku na huku, akaona kreti la soda, akaligeuza, akaketi.

"Maliza kazi, baba," akamwambia mwanawe. "Nipo."

Akaketi kwenye kreti lile tangu saa tatu mpaka jua la saa sita. Akaona mikono ya mwanawe inavyofanya kazi. Aliona kwamba kijana hana papara, na kwamba akikosea anarudia bila kutukana. Mteja akaja akamwita "Fundi" kwa heshima. Saa sita friji ikaanza kunguruma. Mabula akajifuta mikono, akaja akasimama mbele ya baba yake, na neno la kwanza alilolisema ni hili: "Baba, umekula?"

Hawakumaliza yote siku ile. Kulikuwa na maneno magumu, na kijana aliyasema, na baba aliyasikiliza hadi mwisho. Mabula hakurudi chuoni. Lakini Krismasi ile alishuka kwenye basi la Mwanza ana mfuko wa machungwa ya Muheza, na baba yake alikuwa stendi tangu asubuhi.

Sasa tuje kwetu sisi. Mteja akitutukana dukani tunatabasamu. Ng'ombe akigoma kukamuliwa tunampigia mluzi. Shamba likikataa mwaka huu tunalima tena mwaka ujao. Mpira tunautazama dakika tisini, na za nyongeza, na penalti! Uvumilivu tunao, ndugu zangu, tena mwingi. Msiniambie hamna. Swali langu ni hili: kwa nini tunaumaliza wote nje, na tukifika nyumbani tunabaki na maneno matatu tu, chuo au mlango?

Najua kuna baba anasema moyoni, mchungaji leo anatufundisha kulegea. Hapana. Mwalimu aliachia fimbo lini? Saa nzima na dakika kumi fimbo ilikuwa mikononi mwake, na breki ilikuwa imekaza. Kuachia si kukata. Anayekata ndiye aliyelegea, kwa sababu ameshindwa kushika. Mungu ametushika hivyo mimi na wewe. Tumechukua mshipi mrefu, wengine tumefika mbali mno, na hajakata.

Mwenye mtoto, mwenye ndugu, mwenye mzazi aliyemwonyesha mlango, leo ni siku yake. Usiende na hotuba. Nenda na muda.

Kwa kawaida mkitoka hapa mnapanga foleni mlangoni kunipa mkono. Leo wapo watu sitaki kuwaona kwenye foleni hiyo. Mnajijua. Nipiteni, msinisalimie, nendeni.