Ua Jekundu kwenye Kilemba cha Kwale

Paukwa!

Pakawa!

Sikusikia. Wakubwa huko nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale palikuwa na njaa. Njaa ya kweli, si hii yenu ya chai kuchelewa. Mama Ngiri akasema, "Tupike uji wa pamoja." Wanyama wakaunda chama cha uji. Mwenye mtama akaleta mtama. Mwenye kuni akaleta kuni. Asiye na kitu akaleta mikono.

Lakini nchi ilikuwa na mambo. Ng'ambo hii ya mto walimtaka Nyati awe mfalme, wakavaa ua jekundu. Ng'ambo ile walimtaka Kiboko, wakavaa jani bichi. Wakikutana njiani hawasalimiani. Basi Mama Ngiri akasimika tawi la miiba mlangoni pa banda la uji. "Anayeingia atundike! Ua lako tundika, jani lako tundika. Humu ndani kuna uji tu."

Kwale alikoroga chungu. Huyu ni wa kwa Kiboko. Kanga alibeba kuni. Huyu ni wa kwa Nyati, na enzi hizo alikuwa mweusi tii, hana doa hata moja.

Kanga anatua kuni, pu! Kwale anasema, "Pole na mzigo, kaka Kanga." Kanga anasema, "Pole na moshi, dada Kwale." Kesho vilevile. Keshokutwa vilevile. Hivyo tu, na Kanga akapenda. Alipenda, jamani! Akawa analeta kuni za watu watatu.

Ila mdomo ulikuwa mzito. Siku moja akachuma ua zuri kuliko yote yanayoota kwao. Jekundu. Akili iko kwa Kwale, tawi la miiba akalipita. Kwale kainama, mwiko bwata, bwata, bwata. Kanga akachomeka ua kwenye kilemba chake, akakimbilia kuni nyingine. Kwale akadhani anapanguswa majivu. "Asante, kaka," akasema, akaendelea kukoroga.

Watoto, mnaona kinachokuja?

Foleni ikaingia. Wa kwanza Mama Kima, wa ng'ambo ya Kiboko, na mwanawe mgongoni. Akainua bakuli. Akaona ua. Akashusha bakuli.

"Kwale! Mtoto wetu! Umehama?"

"Nimehama wapi, shangazi?"

"Nyati amekununua! Na uji huu ni wake. Hatunywi!"

Foleni ya kwa Kiboko ikageuka. Mabakuli yakarudi nyumbani matupu. Mtoto wa Kima akalia huku anakitazama chungu. Kwale akapapasa kilemba, akalitoa ua, machozi yakamtoka. Watoto watalala na njaa, na yeye hajui hata ua limetoka wapi.

Kanga akarudi na kuni. Akamwona Kwale analia na ua mkononi, foleni ya kwa Kiboko imeondoka. Angeweza kunyamaza, kwa sababu hakuna aliyemwona. Lakini alijaza uji kwenye kibuyu, akatoka mbio. Mbio, mbio, mbio! Uji unamrukia, cha! mgongoni, cha! kifuani. Akawafikia kina Mama Kima mtoni.

"Shangazi! Ua lile si la Nyati. Ni langu. Nimelichomeka mimi, Kwale hakujua. Nampenda!"

Mama Kima akamtazama, uji unamchuruzika.

"Unampenda, halafu unamvisha ua la Nyati?"

"Nilisahau, shangazi. Nilikuwa namwaza yeye tu."

Mama Kima akacheka, akacheka, mpaka mtoto mgongoni naye akacheka. "Mjinga wewe! Lete huo uji." Mtoto akanywa, gugu, gugu, gugu. Foleni ikarudi, wote wakanywa.

Habari ilimtangulia Kanga bandani. Kwale akamngoja mlangoni.

"Kwa hiyo Mama Kima amejua kabla yangu?"

"Nisamehe, dada Kwale." Kanga akainamisha kichwa, akaanza kujipangusa matone ya uji. Kwale akamshika bawa.

"Acha. Usiyafute."

"Na ua?"

"Ua katundike hapo kwenye miiba. Mimi nimeyapenda haya."

Na mpaka leo Kanga hajayafuta.

Basi, wangu, mnapomlisha mwenye njaa, siasa ibaki mlangoni. Na ukipenda, sema kwa kinywa chako, tena umwambie kwanza yule unayempenda.

Hadithi yangu inaishia hapo, na chungu ni kitupu.