Kizibo cha Birika

Wamesimulia waja wema waliotutangulia kwamba palikuwa na mji mlimani, usio na mto wala kisima, ambao watu wake waliishi kwa maji ya mvua tu. Maji hayo yalishuka kutoka paa bapa la msikiti na kuingia katika birika kubwa lililochimbwa chini yake. Mwaka mmoja kiangazi kilizidi kiasi. Miezi saba ikapita bila tone, na birika likabaki na maji ya kufika vifundoni.

Mlinzi wa birika alikuwa mwadhini wa msikiti huo, jina lake Nufaili. Alikuwa mcha Mungu, hilo halina shaka, lakini utulivu hakujaaliwa. Tangu jua lichomoze alikuwa akipanda ngazi, akitazama mbingu, akishuka, akipanda tena. Mkewe alichoka akamwambia, "Baba Sumaya, hebu keti! Wingu haliji kwa kuzungukwa."

Sasa, ndugu yangu, ielewe desturi yao, maana kisa chote kimo humo. Paa lilikuwa na matundu mawili, moja likishuka birikani na jingine likimwaga kichochoroni. Kizibo kilikuwa kimoja tu, kipande cha mti kilichozongwa nguo, na siku za ukavu kilikaa katika tundu la birika. Mvua ikianza, maji ya mwanzo yaliachwa yaende kichochoroni, kwa kuwa yalibeba vumbi na kinyesi cha njiwa. Nufaili alisoma Suratul-Mulk taratibu mpaka mwisho, ndipo akakihamisha kizibo hadi tundu la kichochoroni, na maji safi yakaingia birikani. Hiyo ndiyo amana aliyokabidhiwa, wala hakuna mwingine aliyeruhusiwa kupanda huko.

Maji machafu ya kichochoroni hayakuwa na mwenyewe isipokuwa Bi Lubaba, mjane mtu mzima aliyefuga mbuzi watatu. Kila mvua ilipokuja, aliiweka mitungi yake chini ya lile tundu, mbuzi wakapata cha kunywa.

Basi siku moja, kabla ya adhuhuri, likaja wingu moja tu. Nufaili alikuwa juu tayari. Tone la kwanza lilipompiga usoni, alivua kilemba, akafungua kifua chake kama ilivyo Sunna, akasema, "Ewe Mola, ijaalie mvua yenye manufaa." Akaanza Suratul-Mulk. Machozi yalimtoka, na wallahi yalikuwa ya kweli. Sura ikaisha. Akainama kukishika kizibo, na hapo akasikia watu wakipaza sauti kutoka uwanjani, "Mtazameni Nufaili! Mtazameni anavyolia! Huyu ndiye aliyetuombea!"

Akainuka. Akanyanyua mikono juu zaidi, akalia kwa sauti kubwa zaidi, akasahau alichoinamia. Mvua ile haikudumu zaidi ya muda wa rakaa nane. Alipofumbua macho, jua lilikuwa linawaka, na kizibo kimo palepale katika tundu la birika. Maji yote yalikuwa yamekwenda kichochoroni.

Nufaili alitazama kulia na kushoto. Hakuna aliyemwona. Akakihamisha kizibo haraka, kana kwamba amekihamisha zamani, akashuka. Mwenyezi Mungu husamehe kusahau, ndugu yangu. Lile la kuhamisha kizibo baada ya mvua halikuwa kusahau.

Chini alipokewa kwa kukumbatiwa. Wakateremsha ndoo, ikagota chini na kurudi na tope. Wengine wakasema mvua ilikuwa fupi, tumshukuru Mungu. Lakini mmoja aliyepita kichochoroni alirudi mbio akipiga kelele, "Njooni muone! Mitungi ya Lubaba imejaa! Sita yote, na maji maangavu!"

Wakaenda, wakaona kweli. Ni nani asiyejua kwamba maji ya kichochoroni huwa meusi? Wakasema ameyaiba birikani mvua ilipokuwa ikinyesha. Na mwizi wa maji katika mji ule alinyimwa fungu lake mpaka mvua nyingine. Kwa mjane yule maana yake ilikuwa kuhama, na mji wa karibu ulikuwa mwendo wa siku mbili juani. Kadhi wa mji, Shekhe Wahbu, akasema shauri litasikilizwa baada ya alasiri.

Saa zile Nufaili hakuziweza. Aliingia nyumbani, akatoka, akaingia tena. Alitayamamu mara tatu, kama vile vumbi lingemtakasa. Mkewe akamletea kikombe cha maji yaliyosalia, akamwambia kwa upole, "Kunywa, leo umetuombea wote." Akakirudisha kikombe hakijaguswa. Aliadhini alasiri, na ndani ya sala hakujua amesali rakaa ngapi.

Watu walipokaa msikitini, Kadhi akamuuliza yule mjane, "Mama, maji haya umeyapata wapi?"

"Chini ya tundu la kichochoroni, Shekhe, ninapoyapata siku zote."

"Mbona ni safi?"

"Ni safi kwa sababu yalitoka safi."

"Una shahidi?"

"Ninaye Mola wangu. Na yuko mja mmoja, lakini huyo simtaji. Nimemwachia mwenyewe."

Minong'ono ikazuka, wengine wakacheka. Kadhi alipokuwa anafungua kinywa kutoa hukumu, Nufaili akasimama.

"Mja huyo ni mimi," akasema. "Sikukihamisha kizibo mpaka mvua ilipokwisha. Kisha nikakihamisha ili msijue. Maji yenu nimeyamwaga mimi, na mama huyu hana kosa."

Bi Lubaba akamgeukia, wala hakuonyesha hasira. "Niliyaona maji yakigeuka meupe, mwanangu, nikamwaga yale machafu nikakinga upya. Nikakuita mara mbili, mvua ikaifunika sauti yangu. Nikakuona unalia, nikajiambia, huyu yuko na Mola wake, haifai kumfedhehesha."

Nufaili akajifunika uso. "Mama, mwanzo nilikuwa naye. Kisha nilikuwa na hawa," akasema, akiwaonyesha waliomsifu.

Bi Lubaba aliomba mitungi mitano igawiwe nyumba zenye watoto, akabakiza mmoja. Waliomwita mwizi ndio waliokuja na vibuyu, macho yao yakitazama chini. Nufaili akamletea Kadhi kile kizibo, akitaka kuvuliwa amana. Kadhi akakirudisha mkononi mwake. "Kichukue. Nikimpa mwingine, naye itabidi ajifunze kwa maji yetu."

Mvua iliyofuata ilichukua siku arobaini kuja. Ilipokuja, watu walikusanyika uwanjani wakitazama juu, na Nufaili hakuonekana. Alikuwa amepiga magoti juu ya paa, mkono mmoja juu ya kizibo, akisoma kimyakimya. Waliposikia maji yakiporomoka birikani, ndipo walipomwona akisimama na kukivua kilemba.

Basi ewe msomaji, siku rehema itakapokushukia, jichunge na macho ya watu. Mola atupe machozi ya kweli, na mikono inayokumbuka kazi yake.