Alikimbia au Alikimbilia?

Hapo zamani, kwenye milima ambako maji ya shamba hugawanywa kwa zamu, mtu alibomoa ukingo wa bwawa la kijiji na maji yote yakaporomoka bondeni. Kwenye tope likaokotwa jembe la Kangero, jembe ambalo nusu ya kijiji ilikuwa ikiliazima. Jumbe akahukumu: Kangero anyang'anywe shamba, apewe jirani yake Mshitu, ambaye migomba yake ilikauka.

Kangero akasema, "Nakata rufaa kwa mfumwa." Mfumwa ndiye mkuu wa majumbe wote.

"Subiri," akasema jumbe, akamfungia kibandani.

Kangero akasubiri. Mvua zikakaribia, Mshitu akaanza kulima lile shamba. Kangero akauliza, akaambiwa, "Subiri." Mkewe Nambua akauliza, akaambiwa, "Subiri, mama."

Asubuhi moja mlinzi, Mlacha, akaenda kuoga mtoni akasahau komeo. Nambua hakuamini kwamba alisahau. Mlacha alikuwa shemeji yake Mshitu, tena hakuwa mtu wa kuoga.

Kangero akapita nyumbani, akachukua mkeka na viazi vya kuchemsha.

"Unakwenda wapi, baba Senzia?" akauliza Nambua.

"Nikirudi utajua."

Jibu gani hilo kwa mtu mwenye watoto?

Watu wa jumbe wakamkamata kabla hajafika njia panda. Pale, mkono wa kulia ni kwa mfumwa, na mkono wa kushoto ni mpakani, kwa wajomba zake. Wakampeleka kwa mfumwa amefungwa kamba, maana sheria ilisema: aliyekimbia hukumu hasikilizwi tena.

Mshitu akasema, "Alikimbia huyu. Nani huenda barazani na mkeka? Anakwenda kushtaki au kulala?"

"Watu hulala hapa wakingoja zamu," akajibu Nambua. "Hata wewe ulilala hapa, jirani, ulipokuja kudai mahari yako irudi."

Watu wakacheka. Mshitu hakucheka.

Jumbe akasema, "Nilimwambia asubiri. Hakusubiri."

Mlacha akasema, "Mlango niliuacha wazi, sikatai. Lakini miguu ni yake."

Kangero akapiga kelele, "Sikukimbia! Nilikimbilia! Nilikuwa nakuja kwako, mfumwa!" Askari wakamziba mdomo, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema.

Mfumwa akamgeukia Nambua. "Mama, alikwambia anakwenda wapi?"

Neno moja tu lingeokoa shamba. Nambua akamtazama mumewe, akawakumbuka wale wajomba wa mpakani, akakumbuka alivyoondoka bila kugeuka nyuma. Na yeye mwenyewe hakujua.

"Hakuniambia," akasema. "Muulize mwenyewe."

"Nikimuuliza nitakuwa nimemsikiliza. Aliyekimbia hasikilizwi."

"Na usipomsikiliza, utajuaje kama alikimbia?"

Mfumwa akakuna kidevu, akaomba maji ya kunywa, akayanywa polepole kama mtu anayetaka kata isiishe.

Ninyi mnaonisikiliza, msimjibie kwa haraka. Mlacha aliacha mlango, jumbe aliacha msimu upite, Kangero akaondoka bila kusema aendako. Na shamba linalimwa na mtu mwingine. Je, Kangero alistahili kusikilizwa? Na kama hakustahili, ni nani hasa aliyeiua rufaa yake?