Manyoya ya Kwamkanga

Hapo zamani, kabla sarafu hazijajua njia ya kupanda mlima, watu wa Kwamkanga walinunua na kuuza kwa unyoya. Si unyoya wowote, la! Ni unyoya wa kanga, ule mweusi wenye madoa meupe, tena uliopigwa muhuri mwekundu wa Jumbe. Kanga wa mlima ule walikuwa wajanja na wenye mbio, unyoya wao haukupatikana ila kwa jasho. Kwa hiyo pesa ilikuwa chache, na kwa kuwa ilikuwa chache, iliheshimiwa. Unyoya mmoja, yai moja. Konzi ya manyoya, jogoo mzima, na baki unarudishiwa.

Katika mji huo aliishi Bi Mkunde, mshona mito. Alishona foronya kwa mkono, akazijaza sufi, akauza. Alikuwa na ulimi mkali, magoti mabovu, na binti mmoja tu, Mboni. Na wakati mambo yanaanza kuharibika, Mboni ndiyo kwanza amejifungua, yumo ndani ya arobaini yake, na mkunga amesema, "Huyu amepoteza damu nyingi. Mpeni mayai. Mayai na supu, mpaka rangi imrudie."

"Mayai ni neno?" akasema Bi Mkunde. "Atakula mpaka awike."

Maskini, hakujua yanayokuja.

Jumbe wa mji ule, Jumbe Hiza, alikuwa mtu mwenye huruma, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Asubuhi moja alipita kisimani akamsikia mama mmoja analalama, "Umaskini huu! Laiti ningekuwa na manyoya zaidi!" Jumbe akarudi nyumbani, uji ukamshinda. Akamwita Mhina, mpiga muhuri wake.

"Mhina, maskini ni nani?"

"Ni mtu asiye na manyoya, Jumbe."

"Na muhuri wa manyoya anao nani?"

"Ninao mimi, Jumbe, kwa niaba yako."

"Sasa kwa nini tuna maskini?"

Mhina akakuna kichwa. Na tusimcheke, maana swali lile lilisikika kama swali la mtu mwenye akili.

Basi mbiu ikapigwa: kila aletaye unyoya, uwe wa kanga, wa kuku, wa bata, hata wa kunguru, atapigiwa muhuri, na utakuwa pesa halali. Mji ukalipuka kwa vigelegele! Watu waliwakimbiza kuku wao mpaka chini ya vitanda. Wakanyonyoa, wakapeleka, Mhina akapiga. Wakanyonyoa, wakapeleka, Mhina akapiga. Akapiga mpaka kiganja chake kikawa chekundu kama cha bibi harusi. Kila mtu alikuwa tajiri. Mchunga mbuzi alikuwa tajiri. Mlevi wa kilabuni alikuwa tajiri, na akawanunulia watu wote pombe, nao wakamnunulia yeye, mpaka pombe ikaisha na matajiri wakabaki wanatazamana.

Ila mayai hayakuongezeka. Yaongezeke vipi? Kuku wamebaki uchi, ngozi tupu kama vidole vya mzee, wamejikunyata kwenye baridi ya mlimani wanatetemeka, na kuku anayetetemeka hatagi. Kwa hiyo manyoya yakawa mengi, mayai yakawa machache. Gulio la kwanza yai lilikuwa unyoya mmoja. Gulio lililofuata, konzi. Lililofuata, kikapu.

Bi Mkunde akajitwika kikapu cha manyoya, akashuka gulioni kwa magoti yale yale. Akiwa bado ng'ambo ya daraja akamwona muuza mayai, akapaza sauti, "Yai bei gani?"

"Kikapu!"

Akavuka daraja, akafika, akatua kikapu chake. Muuza mayai akakitazama. "Kikapu na konzi," akasema.

"Si umesema kikapu?"

"Nilisema ukiwa ng'ambo, mama. Sasa umeshavuka."

Bi Mkunde akafungua kinywa amtukane, lakini kabla neno halijatoka, mwanamume mmoja mwenye mafua, aliyekuwa nyuma yake akihesabu manyoya ya bei ya mbuzi, akapiga chafya. Mbuzi mzima akapeperuka kwenda mtoni! Watu wakakimbilia manyoya, wakapiga kumbo kikapu cha Bi Mkunde, nacho kikamwagika. Alipomaliza kuokota, yai lilikuwa limefika vikapu viwili.

Akarudi bila yai. Mboni alikuwa amelala, midomo myeupe, mtoto analia kwenye titi lisilo na kitu. Bi Mkunde akasimama mlangoni akawatazama.

Akaenda kwa Mwanamkasi.

Mwanamkasi alikuwa mjane aliyefuga kuku pembezoni mwa mji, na katika mji mzima ni yeye peke yake aliyekataa kuwanyonyoa. Watu walimcheka: "Mpumbavu huyo, amelala na hazina bandani!" Naye, kwa kuogopa wezi, aliwahamishia kuku wote ndani, akajifungia nao.

"Hodi, Mwanamkasi! Mwenzangu, niuzie mayai. Mwanangu ni mzazi."

Mlango ukafunguka upenyo wa jicho moja. "Sina mayai."

Humo ndani kuku akatetea, ile sauti yake ya kutangaza kwamba ametaga. Wote wawili wakaisikia.

"Nani huyo?" akauliza Bi Mkunde.

"Mume wangu."

"Mumeo si tulimzika?"

"Ndiyo maana analia."

"Mwanamkasi!"

"Sikiliza, shoga yangu," akasema Mwanamkasi, na sauti yake ikalegea. "Nikikuuzia kwa manyoya, nitayapeleka wapi? Leo yananunua yai, kesho hayanunui ganda. Bora kuku wangu wakae na manyoya yao, kwao yana kazi." Kisha mkono ukatoka kwenye upenyo, na yai moja la moto ndani yake. "La mzazi hilo. Ukimwambia mtu, nitakuja kukung'ata."

Yai moja! Mboni akala. Lakini yai moja halirudishi damu.

Siku ile ile Bi Mkunde alikuwa na mto wa kumalizia. Akatuma kununua sufi. Muuza sufi akataka gunia la manyoya kwa konzi moja ya sufi. Bi Mkunde akalitazama gunia la manyoya alilopewa na mwenye mto. Akaitazama foronya. Akalitazama tena gunia.

"Kumbe!" akasema. "Pesa ni rahisi kuliko sufi!"

Akalifungua gunia, akaimimina pesa yote ndani ya foronya, akashona mdomo. Kisha akaegesha kichwa ajaribu, na hakuamka mpaka jirani alipokuja kumsikiliza kama yu hai.

Habari zikaenea. Mito ya Mkunde! Laini kama shavu la mtoto! Waliokuwa na magunia ya manyoya wakayaleta, yeye akayashona mito. Malipo yake akapewa kwa manyoya, nayo akayashona mito. Watu wakawaza: kikapu kinanunua nini siku hizi? Hakuna. Basi heri tukilalie. Mji mzima ukawa unalala juu ya pesa yake na kukoroma. Bi Mkunde hakuwa na habari na bei ya yai tena. Yeye aliwaza tu kwamba akishona mito ya kutosha huenda siku moja mtu atamlipa kwa kuku. Alishona, akachomwa na sindano, akashona.

Huku kwake Jumbe usingizi haumjii, hata juu ya mto mpya. Akapiga mbiu ya pili: "Atakayelirudisha yai kwenye unyoya mmoja, nitampa Kidoti!" Kidoti alikuwa ng'ombe wake wa maziwa, mwenye doa kwenye paji, na ndicho kitu pekee katika mji ambacho hakuna aliyethubutu kukitajia bei ya manyoya.

Kisha, papo hapo, Jumbe akamgeukia Mhina. "Wananchi wanalalamika kwamba manyoya hayatoshi. Kikapu hakinunui kitu. Piga mengine, maradufu!"

"Jumbe wangu," akasema Mhina, "huku ni kumpa haluli ya kuendesha tumbo mtu anayeharisha."

"Nimesema piga!"

Sasa Mhina naye alikuwa na machungu yake. Alilipwa kwa manyoya, na ujira uliokuwa ukimnunulia paja la mbuzi ulikuwa sasa unamnunulia harufu yake. Akautazama muhuri, kijiwe kidogo kama kokwa ya tende. Akamtazama Jumbe. Akautia mdomoni, akaumeza.

"Umefanya nini?" Jumbe akapiga kelele.

"Nimefunga duka," akasema Mhina, na machozi yakimtoka, kwa sababu ulikwaruza.

Askari akawekwa amfuate Mhina kila aendako, hasa vichakani. Na muhuri ulipotoka, Mhina akamwahi askari, akauosha mtoni, akaumeza tena. Askari akaenda kwa Jumbe akaomba kazi nyingine, yoyote, hata ya kulinda nyuki.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Manyoya mapya hayaji, muhuri uko tumboni. Manyoya ya zamani yamo ndani ya mito, yamelaliwa. Gulioni watu wakaanza kuulizana, "Una unyoya?" Muuza chumvi akamwinamia mtu mwenye konzi moja kama vile zamani. Yai likashuka: kikapu, nusu kikapu. Hapo likakwama, maana kuku wa mji walikuwa bado na vipele vya manyoya machanga na hawajataga.

Mwanamkasi akasikia. Akachungulia kwa jicho moja, kisha kwa mawili. Akafungua mlango wote. Akashuka gulioni na mayai ya kujaza nyungo, kuku wake wakimfuata nyuma na manyoya yao kamili kama wake wa watawala, akapaza sauti, "Unyoya wa kanga mmoja, yai moja! Kama una wa kunguru, mrudishie kunguru!"

Wauza mayai wengine wakakasirika, wakanuna, kisha wakashusha. Bi Mkunde akanunua yai kwa unyoya mmoja. Akasimama nalo katikati ya watu akalia, yeye ambaye hata msibani alikuwa mgomvi. Mboni akala, akala tena, na siku ya kutoka arobaini akatoka nje kwa miguu yake na mtoto mnene mgongoni.

Ikabaki Kidoti.

Watu wakakusanyika barazani kwa Jumbe. Ng'ombe amefungwa kwenye mti, kiwele kimejaa, analia akamuliwe.

Mhina akasimama wa kwanza. "Maji yakiingia nyumbani, kwanza unaziba paa. Mimi nimeziba, tena kwa koo langu. Manyoya yangezidi kuja, nani angewahi kuyashona?"

"Paa umeziba, na ni wewe uliyelitoboa," akasema Bi Mkunde. "Nani alipiga muhuri mpaka kiganja kikaiva? Na maji yaliyokwisha kuingia, je? Yalitufika kiunoni. Mimi ndiye niliyeyakausha, gunia kwa gunia, vidole hivi tazameni."

"Ulijua unachokifanya?" akauliza Mhina.

Bi Mkunde akafikiri. Moyoni alimtaka sana yule ng'ombe. Alikuwa keshauona uji wa mjukuu wake una maziwa. Lakini kusema uwongo mbele ya Mboni hakuweza. "Sikujua," akasema. "Je, mvua inajua kwamba inaotesha mahindi?"

"Na mto una mshono," akasema Mhina. "Mshono hufumuka. Wakifumua wote siku moja?"

"Wewe nawe una mdomo wa pili," akajibu Bi Mkunde, "na muhuri wenyewe umeshatoka mara ngapi?"

Watu wakacheka mpaka Kidoti akashtuka. Hapo Mwanamkasi akainuka, kuku mmoja kwapani.

"Zibeni, kausheni," akasema. "Sakafu kavu hailiwi. Nisingeleta mayai, mngekufa njaa juu ya mito laini. Mlinicheka nilipowaacha kuku wangu na nguo zao. Nani alirudisha bei kwenye unyoya mmoja? Ni mdomo wangu huu uliotamka."

"Mdomo wako ulitamka baada ya pesa kupona," akasema Mhina. "Tulipokuwa kwenye shida ulikuwa umejifungia na mume wako mwenye mbawa."

Bi Mkunde akakumbuka yai la moto likitoka kwenye upenyo wa mlango, naye hakusema kitu.

Jumbe akakohoa. "Na mimi je?" akasema. "Nisingeharibu, mngetengeneza nini?"

Wakamtazama mpaka akakaa chini. Lakini kamba ilikuwa bado mkononi mwake, na kamba ni moja, na Kidoti hagawanyiki akabaki ng'ombe. Akigawanywa ni nyama. Mmoja alifunga duka kwa tumbo lake, ingawa ndiye aliyelifungua. Mmoja aliilaza pesa, ingawa hakujua. Mmoja alilinda mayai na kuyaleta, ingawa aliyaleta njia ilipokuwa nyeupe.

Mimi nimefika mwisho wa maneno yangu, mengine yamo vinywani mwenu. Amueni upesi, kiwele kinamuuma. Je, nani alistahili kupewa kamba ya Kidoti?